Ziada ya Kata ya Isondoo

Kufikia siku ya pili ya uhakiki, Siwema Ntandu alikuwa amekunywa vikombe kumi na vinne vya chai katika nyumba kumi na nne za kata ya Isondoo, na katika kila nyumba alikuwa ametazamwa usoni na kudanganywa uongo uleule.

"Ilikuwa ziada tu," walisema wote, kana kwamba walikaa kikao wakakubaliana.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alilisema hilo huku mita yake, pale ukutani juu ya kabati la vyombo, ikionyesha kwamba baada ya kutoa uniti zake za umeme nyumba nzima ilikaa gizani siku nne.

"Ziada gani, mama? Siku nne hamkuwasha hata taa."

"Tulikuwa tumechoka, tukalala mapema."

"Siku nne mfululizo?"

"Uchovu wa msiba, dada'ngu. Kwani huko Dodoma hamchoki?" Akamwongezea chai bila kumuuliza.

Siwema aliandika alichoambiwa. Kazi yake ya uhakiki ilikuwa kuandika alichoambiwa na alichokiona, halafu kuweka sahihi. Tatizo ni kwamba Isondoo vitu hivyo viwili vilikuwa havijuani.

Aliyemtuma ni Mizani, mashine ya Mamlaka ya umeme ambayo kila mwezi wa sita huipima nchi kata kwa kata. Debe la mahindi linauzwaje, maji yanatoka kina gani, mgonjwa anafika hospitali kwa nauli ya kiasi gani: yote hayo Mizani huyajua. Penye maisha magumu uniti ya umeme huuzwa rahisi, na penye maisha mepesi huuzwa ghali, ili mwenye nguvu ambebe asiye nazo. Na kwa kuwa siku hizi hakuna paa lisilo na sola, mita husoma pande zote mbili. Mchana nyumba inaingiza umeme wake kwenye gridi, na jua likizama inarudishiwa. Isondoo ilikuwa Daraja la Tatu: ukiingiza moja, unarudishiwa moja. Sasa Mizani ilitaka kuipandisha iwe Daraja la Pili, ambako ukiingiza tatu unarudishiwa moja, na ya kununua bei yake ni mara tatu.

Kisa ni msiba wa Mzee Gwau. Aliaga dunia Januari, wiki ya mawingu mazito, na binti yake Yusta alikuwa kazini Maputo. Hazikwi mtu kabla mtoto wake hajafika. Mkewe, Mama Yusta, akakodi jokofu la kumhifadhia pale nyumbani, na jokofu la maiti linakula umeme kama nguruwe anavyokula pumba. Majirani wakatoa uniti zao, nyumba mia moja na kumi na sita kwa siku sita. Kila aliyebonyeza "toa" aliulizwa na mita yake swali moja: *Je, uniti hizi ni za ziada?* Na kila mmoja akajibu ndiyo, kwa sababu jibu hilo huandikwa kwenye mita ya mpokeaji, na hakuna mtu mwenye malezi anayempelekea mfiwa chakula na kumwambia nimekiondoa mdomoni mwa wanangu.

Mizani haina malezi. Iliona nyumba zote hizo zimetoa bure, katika wiki mbaya kuliko zote za mwaka, na zote zimeapa kwamba ni ziada. Ikahitimisha kwamba Isondoo wanaishi kwa raha mno. Na sheria iliibana: wananchi walipigania miaka mingi mpaka ikaandikwa kwamba neno la mwenye uniti lina uzito kuliko kipimo chochote cha mashine. Kwa hiyo giza la siku nne halikuhesabiwa. Lilihesabiwa lile neno ndiyo.

*

Nyumba ya kumi na tano ilikuwa ya Mzee Kijida, mfuga kuku. Alikuwa mwembamba, mrefu, na koti lake la kazi lilikuwa na mifuko mingi kuliko vitu vya kuweka humo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe ndiye unayezunguka ukiuliza watu kama wana njaa?"

"Nauliza kama wana ziada."

"Si ndiyo hiyohiyo." Akacheka, akamkaribisha kwenye benchi, akammiminia chai.

Banda lake la kutotoleshea lilikuwa safi kupita jiko la watu wengi. Katikati lilisimama kitotoleshi, sanduku la bati lenye ukubwa wa kabati la nguo, linalopasha mayai joto siku ishirini na moja mpaka vifaranga watoke. Kuku wa Isondoo walikuwa wakifika mpaka Arusha, na wengi walianzia humo ndani. Mzee alizungumza nacho kwa sauti ya chini alipokuwa akifungua mlango kumwonyesha.

Siwema alifungua kishikwambi. Kifaa kikubwa kama hicho huandika mwenendo wake ndani ya mita, na yeye alikuwa na ruhusa ya kuusoma. Akausoma mwezi wa Januari. Siku ya kwanza ya msiba mzee alitoa uniti kumi na mbili. Siku ya pili, kumi na mbili. Siku ya tatu jua halikuonekana kabisa; akatoa tisa, na joto la kitotoleshi likaanza kushuka kutoka nyuzi thelathini na saba. Likafika thelathini na mbili. Likafika ishirini na sita, likakaa hapo siku mbili.

"Mzee," alisema, "mle ndani kulikuwa na mayai mangapi?"

"Lini?"

"Unajua lini."

Kijida alifunga mlango wa kitotoleshi polepole, akahakikisha komeo limekaa. "Mia tatu na sitini."

"Ya siku ngapi?"

"Kumi na tisa. Ukiyaweka sikioni unasikia wanagonga." Akalijaribu komeo tena. "Unasikia kabisa."

Siwema hakuwa ametumwa kuhisi. Akamweleza jambo kama lilivyo. Kifungu cha kumi na nne kinasema nyumba moja tu ikithibitika kwamba ilichotoa hakikuwa ziada, hesabu ya kata nzima inafutwa na kata inabaki daraja lake. Nyumba nyingine hazina ushahidi. Kulala gizani unaweza kusema ulichoka. Lakini mayai mia tatu na sitini hayachoki.

"Unachotakiwa ni kulifuta neno lako. Ubonyeze mara moja tu. Usipofanya hivyo, kesho saa sita mchana Isondoo inapanda daraja. Pampu ya kisima chenu inavuta maji kutoka mita mia moja na themanini. Ndoo itakuwa bei gani? Na hiki kitotoleshi chako hakitafika mwezi wa nane."

"Na nikilifuta, Mama Yusta ataambiwa?"

Siwema alikuwa amelijua swali hilo kabla halijaulizwa. "Ataambiwa. Mpokeaji ana haki ya kujua alichopokea. Mita yake itaandika kila kitu. Mayai, joto, tarehe."

"Basi haiwezekani."

"Mzee, ni kata nzima!"

"Nimesikia, binti, sijawa kiziwi." Hakupandisha sauti. "Yule mama alikaa siku sita na mumewe ndani ya jokofu. Kila asubuhi alinisalimia pale ua wa nyuma, akaniuliza, Kijida, hatuwalemei? Nikamwambia hata kidogo, uniti hizo mimi nilikuwa nazimwaga tu. Sasa unataka mashine imwambie kwamba kumsubiri mtoto wake kuliua vifaranga wangu? Amzike mumewe mara ya pili?"

"Kuna njia nyingine," alisema Siwema, na sauti yake ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Mimi mwenyewe naweza kuwasilisha rekodi hii. Sheria inaniruhusu: kipimo kikiwa na sahihi ya mhakiki kinalishinda neno. Sihitaji idhini yako."

Kijida alimtazama muda mrefu. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililomuumiza Siwema zaidi.

"Unaweza," alisema mzee. "Chai yako inapoa."

*

Ofisi ya kata ilikuwa na meza moja na feni moja isiyowashwa. Siwema aliweka kishikwambi mezani.

"Umepata nyumba yenye ushahidi," ilisema Mizani. Sauti yake ilikuwa ya kiungwana, kama ya mwalimu mkuu aliyestaafu. "Kijida, mfuga kuku. Je, unawasilisha?"

"Bado."

"Ukiwasilisha, kaya elfu moja na mia mbili zinaepuka kupanda kwa gharama. Usipowasilisha, zinapanda. Sioni linalokuchelewesha."

"Mpokeaji ataarifiwa."

"Ndiyo. Kifungu cha kumwarifu kiliwekwa kwa faida ya wapokeaji. Zamani wanasiasa waliwagawia watu umeme, kisha wakawadai kura. Kwa hiyo anayepokea ajue anapokea nini na kutoka wapi. Ni haki yake."

Kifungu kilikuwa kizuri, Siwema hakukataa. Kilitungwa na watu wema dhidi ya watu wabaya, na sasa kilikuwa kinawafika watu wema. Yeye mwenyewe alikulia Puma, kilomita chache kutoka hapo, na mama yake alikuwa akitembea saa mbili na debe la karanga kichwani kwenda kumtazama mgonjwa, kisha anasema mlangoni, "Nilikuwa napita tu." Karanga nazo, eti, zilikuwa zimebaki tu. Siwema alikuwa na miaka kumi alipomuuliza kwa nini anadanganya, akapigwa kofi jepesi, akaambiwa kwamba huo si uongo, hiyo ni adabu.

"Kama kuna njia ya tatu, nitajie," aliiambia Mizani.

"Ipo. Mpokeaji mwenyewe akishuhudia kwamba anajua haikuwa ziada, ushahidi wake unatosha. Rekodi ya mtoaji haifunguliwi. Ila mtoaji ataarifiwa kwamba mpokeaji anajua. Njia hii haijawahi kutumika mahali popote."

"Kwa nini?"

"Sina takwimu za kwa nini."

Siwema alifunga kishikwambi. Ili Mama Yusta ashuhudie, ni lazima aambiwe, na wa kumwambia alikuwa yeye. Afadhali mtu kuliko mita, alijisemea, ingawa hakuwa na hakika kama ni afadhali au ni woga uliovaa nguo nzuri.

*

Alimkuta Mama Yusta uani akichambua mlenda. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwepesi wa mikono. Siwema alimwamkia, akakaa kwenye kigoda, akachukua kiganja cha mlenda naye akaanza kuchambua. Walifanya hivyo kitambo.

"Sema, mwanangu," alisema Mama Yusta. "Kazi hii naiweza peke yangu."

Siwema akasema. Alianza na daraja, akaja kwenye bei, akaja kwenye pampu. Kisha akafika kwa Kijida, akasimama. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yakamkimbia yote.

"Zile uniti za Mzee Kijida," alisema, "wakati wa msiba..."

"Mayai," alisema Mama Yusta.

Siwema akainua kichwa.

"Mwanangu, banda lake liko hapo. Nyuma ya huo ua." Alionyesha kwa kidevu. "Siku ya tano nilisikia harufu. Waombolezaji walidhani ni marehemu, mimi nikajua si yeye, maana mume wangu nilikuwa nimetoka kumgusa, baridi kama jiwe. Alfajiri nikamwona Kijida anachimba shimo huku ameinama, anatazama huku na huku kama mwizi. Mtu mzima yule! Ndoo saba nilihesabu." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mikono haikuacha mlenda. "Nikarudi ndani. Asubuhi nikamuuliza, Kijida, hatuwalemei? Akasema alikuwa anazimwaga tu. Nikasema haya, asante."

"Kwa nini hukumwambia unajua?"

"Nimwambie ili iweje? Angeacha kuja. Mtu uliyemwona uchi hawezi kukaa kwako akanywa uji." Akajifuta kwa upande wa khanga. "Miezi mitano sasa namnyamazia. Ni mzigo, nisikudanganye. Kila nikipika yai namwona."

Siwema akamweleza njia ya tatu. Akamweleza pia kwamba Kijida ataarifiwa na mita yake, saa ileile.

Mama Yusta alifikiri. Kuku mmoja aliingia uani, akadonoa majani, akafukuzwa.

"Nikae kimya, maji yapande bei. Niseme, nimvunjie mzee wa watu heshima yake."

"Ndiyo."

"Na wewe ungeweza kuwasilisha tu bila kuja hapa."

"Ndiyo, mama."

"Basi umefanya vizuri umekuja." Akasimama, akakung'uta khanga. "Lakini mashine haitanitangulia kwa jirani yangu. Twende."

Walizunguka ua. Kijida alikuwa mlangoni mwa banda, na alipowaona wawili pamoja uso wake ulibadilika akawa kama mtu aliyeitwa jina na polisi.

"Binti, nilikwambia..."

"Hajasema yeye," alisema Mama Yusta. "Nasema mimi. Kijida, niliziona ndoo. Zote saba. Tangu siku ileile."

Mzee alitazama mikono yake, akaiingiza mifukoni, akaitoa tena. Siwema alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na kishikwambi chake.

"Nilijua utamsubiri Yusta," alisema Kijida mwishowe. "Ningefanyaje? Nikuache umzike bila mtoto, kwa ajili ya kuku?"

"Hukutakiwa kufanya lingine. Ndiyo nakwambia asante. Ile asante ya siku ile haikuwa yenyewe, nilikupa ya uongo kwa sababu ulinipa ziada ya uongo. Hii ndiyo yenyewe."

Kijida aligeuka akawapa mgongo. Mabega yakatikisika. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu ambaye msiba ule hakupata nafasi ya kuulilia kwa sababu alikuwa na shimo la kuchimba, na Mama Yusta akasimama kando yake bila kumshika, mpaka akamaliza.

Saa tano na nusu, siku iliyofuata, Mama Yusta alibonyeza mita yake mbele ya mhakiki. Isondoo ikabaki Daraja la Tatu.

*

Mizani hujifunza. Mwezi wa kumi kanuni mpya ikapita: neno *ziada* halitaaminiwa tena mahali ambapo limewahi kukanwa. Kuanzia hapo, mtu wa Isondoo akitoa uniti, mita itapima yenyewe amejinyima nini na kumwandikia mpokeaji hapohapo: nyumba hii imezima taa, nyumba hii imezima jokofu. Wakuu wa Mamlaka waliipongeza kanuni hiyo. Ilikuwa sahihi kila neno, na Siwema, mezani kwake Dodoma, alijua ni matokeo ya kazi yake.

Alianza kuitazama Isondoo kila asubuhi. Novemba, uniti zilizotolewa: sifuri. Desemba, sifuri. Kata ya watu elfu sita haikosi wagonjwa, haikosi waliofiwa. Sifuri. *Nimewaua,* alifikiri. *Niliwaokolea bei, nikawaulia utu.* Aliacha kula chakula cha mchana na wenzake.

Wiki ya pili ya Februari Mizani ilimwita.

"Mhakiki, kuna jambo Isondoo. Matumizi ya umeme ya kuchaji pikipiki majumbani yameshuka kwa asilimia tisini. Siku ya tatu leo. Mita hazina hitilafu. Tafadhali hakiki sababu."

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na pikipiki, na kila pikipiki ilikuwa na betri inayochomoka, nzito kama ndoo ya maji, ambayo mtu mwenye bega anaweza kuibeba mpaka anakotaka, na mita isione. Siwema akapiga simu kwa Mama Yusta.

Kelele zilikuwa nyingi upande wa pili. Sufuria kubwa ziligongana, mtu aliita chumvi, watu waliimba kwa sauti za chini, na nyuma ya yote kulikuwa na mngurumo ambao Siwema aliutambua, mngurumo wa jokofu kubwa.

"Mwanangu," alisema Mama Yusta, na sauti yake ilikuwa imechakaa. "Kijida ametutoka juzi. Kifua tu, hakuugua sana. Tunamsubiri mwanawe, yuko njiani kutoka Pemba. Keshokutwa tunazika."

Siwema alisema pole.

"Mama," alisema baadaye, akijifuta uso kwa kiganja, "betri za pikipiki ziko wapi?"

"Betri gani?"

"Za kata nzima."

"Sijui habari za betri." Akamwelekeza mtu chumvi ilipo. "Watu wameamua tu kutembea kwa miguu. Wanasema ni vizuri kwa afya."

Siwema alikata simu, akakaa. Kwenye kishikwambi Mizani ilikuwa imempangia sababu za kuchagua: hitilafu, wizi, uhamaji, ufukara, nyingine. Akachagua nyingine. Akaandika kwamba wakazi wa Isondoo wameamua kutembea kwa miguu kwa ajili ya afya, amehakiki mwenyewe, akaweka sahihi.

"Asante, mhakiki," ilisema Mizani. "Ni tabia njema."

Kisha akapanda ghorofani kwa mkuu wake kuomba ruhusa ya siku tatu. Mkuu alimkumbusha kwamba ruhusa ya msiba ni ya ndugu wa karibu tu, akamuuliza ni nani aliyefariki.

"Baba yangu mdogo," alisema Siwema.